Seva ya Uchapishaji na Maandishi ya Dholuo

Katika vyuo vilivyo karibu na Ziwa Viktoria, kama vile vya Kisumu, Maseno na Bondo, si lazima kila mhadhiri awe na printa yake. Printa moja yaweza kuitumikia idara nzima iwapo imeunganishwa na mtandao kwa njia ya seva ya uchapishaji. Makala haya yanaeleza jinsi mpango huo unavyowekwa, na jambo ambalo idara ya lugha haina budi kulichunguza kabla ya kuutegemea.

Seva ni kompyuta inayopokea kazi kutoka kwa kompyuta nyingine, ikazipanga foleni na kuzipeleka kwenye printa moja baada ya nyingine. Yenyewe haipigi chapa. Kwanza, printa hupewa anwani isiyobadilika katika mtandao; anwani ikibadilika, seva haiioni tena. Pili, printa husajiliwa katika seva, kwa mfano kwa programu ya CUPS iliyotolewa mwaka 1999, pamoja na programu endeshi ya aina yake. Tatu, foleni hupewa jina, na kila kompyuta ya idara huelekezwa kwenye foleni hiyo, wala si kwenye printa.

Hatimaye huchapishwa ukurasa wa majaribio. Ukurasa wa kawaida huwa na herufi za Kiingereza tu, hivyo haumfai mwanaisimu. Dholuo ina irabu tisa, ilhali othografia yake hutumia herufi tano. Tena ni lugha ya toni. Kwa hiyo mchunguzi huandika alama kama ɛ, ɔ, ɪ na ʊ, akaweka toni juu yake. Herufi á ina nambari yake moja katika Unicode, bali ɔ́ haina: huundwa kwa nambari mbili, ya irabu na ya toni. Ikiwa fonti haimo ndani ya faili, wala haimo katika seva au printa, hutumiwa fonti nyingine. Hapo irabu yaweza kugeuka kisanduku kitupu, au toni ikahamia pembeni, ingawa kwenye kioo cha kompyuta kila kitu ni sawa.

Katika tasnifu ya fonolojia, toni iliyopotea ni ushahidi uliopotea. Yafaa basi idara ijiandalie ukurasa wake wa majaribio, wenye irabu zote tisa pamoja na toni ya juu na ya chini, na kazi zote zipelekwe katika umbo la PDF lenye fonti ndani yake. Ukurasa huo ukitoka salama kwa kila kompyuta, ndipo foleni iaminiwe.