Ukipigwa Shoti, Uliza Kwanza Waya Ni wa Nani

Aliyenusurika shoti ya umeme hupewa pole, akapumzishwa siku mbili, na mambo yakaishia hapo. Ndipo vidole vinapoanza kufa ganzi, mkono unakosa nguvu, moyo unadunda ovyo. Umeme huunguza zaidi ndani kuliko nje. Ngozi yaweza kubaki na alama ndogo tu pale ulipoingilia na ulipotokea, huku misuli na neva zimeharibika. Kazi ikishindikana ndipo familia hukumbuka kuuliza habari ya fidia, na mara nyingi ushahidi umekwishapotea.

Sheria za Tanzania Bara zinampa majeruhi haki ya kudai. Njia ya kudai hutegemea maswali mawili: alikuwa anafanya nini alipopigwa, na waya uliompiga ulikuwa chini ya usimamizi wa nani?

Kama alikuwa kazini

Fundi aliyepigwa shoti akimtengenezea mwajiri wake mashine, au mhudumu aliyeshika friji yenye hitilafu hotelini, anaangukia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Fidia hutolewa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Hapa majeruhi halazimiki kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Inatosha kuonyesha kwamba ajali imetokana na kazi na imetokea akiwa kazini. Mkataba wa kazi hata ukiwa wa mdomo unatambulika.

Mfuko hugharimia matibabu, hulipa kwa ulemavu wa muda au wa kudumu, na mfanyakazi akifariki huwalipa wategemezi wake. Mfanyakazi, au mtu kwa niaba yake, ampe mwajiri taarifa mapema iwezekanavyo. Mwajiri akishajua ana siku 7 za kuupa Mfuko taarifa, na madai yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Mwajiri akikuambia “tutaelewana sisi kwa sisi”, usiiache miezi hiyo ikapita.

Kama waya ni wa shirika

Nguzo iliyoanguka, waya uliolegea juu ya njia ya watoto wa shule, transfoma isiyo na uzio: hivi viko upande wa msambazaji, yaani TANESCO kwa Tanzania Bara. Anayesambaza umeme ana wajibu wa kuwakinga watu na hatari anayoijua au aliyopaswa kuijua. Ndiyo maana kuripoti hatari kabla ya ajali kuna uzito mkubwa. Mtaa ukiripoti waya ulioanguka na usishughulikiwe, namba ya taarifa ile na saa iliyopigwa simu vinaweza kuamua kesi nzima.

Peleka malalamiko kwa shirika kwa maandishi. Usiporidhika, nenda EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Kuna pia Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, linalomsaidia mwananchi kuandaa malalamiko yake. Asiyekubaliana na uamuzi wa EWURA hukata rufaa Baraza la Ushindani.

Anayekusudia kwenda mahakamani ajue mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020. Mashirika ya umma sasa yanahesabiwa pamoja na Serikali katika mashauri. Ni lazima kutoa notisi ya siku 90, nakala apelekewe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, naye aunganishwe katika shauri linalofunguliwa Mahakama Kuu. Kesi iliyoruka hatua hizi huweza kutupwa kabla ushahidi wa jeraha haujasikilizwa.

Kama hitilafu iko baada ya mita

Kwa kawaida, nyaya zinazotoka kwenye mita kuingia ndani ni wajibu wa mwenye nyumba. Mpangaji aliyelalamika kuhusu soketi inayotoa cheche, akapuuzwa, kisha akapigwa shoti, ana hoja dhidi ya mwenye nyumba. Fundi aliyefunga nyaya vibaya naye anaweza kudaiwa, kwa kuwa kazi ile inahitaji leseni ya EWURA. Aliyemwita kishoka, yaani fundi asiye na leseni, amuungie umeme kinyemela amejidhoofishia madai yake, lakini mtoto wa jirani aliyekanyaga waya ule hana kosa, na mzazi anaweza kudai kwa niaba yake.

Ushahidi na muda

Siku ya kwanza nenda hospitali hata kama unajisikia vizuri, na umweleze daktari kwamba ni umeme ili moyo upimwe. Polisi wakikupa PF3, yaani fomu ya matibabu ya majeruhi, baki na nakala. Piga picha waya, soketi au nguzo kabla haijatengenezwa, na andika majina na simu za walioshuhudia. Tunza kila risiti, kuanzia ya dawa hadi nauli ya kliniki: gharama ulizotumia hulipwa kwa kuthibitishwa moja moja, wakati fidia ya maumivu na ulemavu hukadiriwa na mahakama.

Kwa kawaida, madai ya madhara yanayotokana na uzembe yana ukomo wa miaka 3. Hata hivyo, jambo lililofanywa au kuachwa kufanywa kwa mujibu wa sheria iliyoandikwa lina ukomo wa mwaka 1, na upande wa pili unaweza kuusimamia ukomo huo. Kwa hiyo jipangie mwaka 1, na humo uhesabu zile siku 90 za notisi. Usidhani kwamba barua za malalamiko zinasimamisha muda.

Hatari nyingine ni karatasi ya maelewano. Ukiletewa fedha za haraka pamoja na hati inayosema umelipwa yote na hutadai tena, usitie sahihi kabla daktari hajasema jeraha litaishia wapi. Kidole kinachouma leo kinaweza kukatwa mwezi ujao.

Zanzibar ina shirika lake la umeme, ZECO, mdhibiti wake, ZURA, na sheria zake. Asiye na fedha za wakili, popote Bara, aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, aende akiwa na risiti, picha na cheti cha daktari mkononi, tena aende wiki hii.