Nguo za Marehemu Wetu



Mazishi yakiisha na majirani wakirudi makwao, hubaki jambo ambalo hatulihubiri mara nyingi: sanduku la marehemu. Mna mashati, khanga, miwani, na viatu ambavyo bado vina umbo la mguu wake. Wako wanaochoma kila kitu kwa hofu, na wako wanaofunga chumba kwa kufuli, asiingie mtu miaka na miaka.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 9, chasimulia kwamba Petro alipofika Yopa alikuta maiti ya Tabitha imelazwa ghorofani. Wajane walimzunguka wakilia, wakimwonyesha kanzu na mavazi aliyoyashona mwanamke yule alipokuwa nao. Petro aliwatoa nje apate kusali, lakini hatusomi popote kwamba aliwakemea, wala kwamba aliwaambia hizo ni nguo tu. Basi nasi tusimkemee mama anayenusa shati la mwanawe akalia. Huko si kukosa imani.

Hata hivyo, marehemu hayumo ndani ya shati. Imani yetu yatufundisha kwamba roho yake i mikononi mwa Mungu, na ndiyo maana twamwombea na kumtolea Misa. Anayeogopa kuvaa koti la marehemu asije akafuatwa na mzimu, aiache hofu hiyo. Koti likikaa kabatini likaliwa na nondo, halimfai marehemu wala maskini atetemekaye kwa baridi.

Yafaa kugawa lini? Wengi hungoja arobaini. Hiyo ni desturi njema, si amri ya Kanisa. Asiyekuwa tayari siku hiyo asilazimishwe.

Linalotuuma zaidi ni ndugu wanaobeba godoro, redio na cherehani kabla kaburi halijakauka, huku mjane akitazama. Huo si ugawaji, ni unyang'anyi, hata ukipewa jina la mila. Nchini Kenya, Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 yamkataza mtu yeyote kujitwalia mali ya marehemu pasipo idhini ya sheria, na adhabu yake yaweza kuwa kifungo. Huku kwetu Tanzania mjane aweza kwenda mahakamani, akaomba msimamizi wa mirathi ateuliwe, naye mwenyewe aweza kuomba kazi hiyo. Katekista asijifanye hakimu, lakini amsindikize mama huyo hadi mahakamani. Peke yake ataogopa.

Tumeulizwa pia juu ya rozari: je, ni lazima izikwe na mwenyewe? Hapana, Kanisa halidai hivyo. Mjukuu aweza kuichukua na kuisali, akianza na fumbo moja kwa ajili ya bibi yake.