Utafiti wa Samaki Kando ya Mialo ya Walukuba

Walukuba, mtaa wa Jinja uliojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, umepakana na mwalo wa Masese, mahali ambapo mitumbwi hutia nanga na samaki wa Ziwa Viktoria huuzwa, huanikwa na kupakiwa kwenda mbali. Katika mji huohuo mdogo zimo taasisi mbili ambazo maamuzi mengi kuhusu ziwa hili, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, yamepita mikononi mwake: Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Rasilimali za Uvuvi ya Uganda, ijulikanayo kama NaFIRRI, na Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, LVFO, lililoundwa kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 1994 na Kenya, Tanzania na Uganda. Ujirani huo wa maabara na mwalo unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa historia ya Jinja yaonyesha kwamba elimu ya ziwa ilizaa matunda zaidi pale mvuvi aliposhirikishwa katika kuikusanya, badala ya kuletewa amri zilizotokana nayo.

Chanzo cha utafiti huo ni kupungua kwa ngege, aina ya sato wa asili ambaye zamani ndiye aliyependwa kuliko samaki wote wa ziwa. Nyavu za kutega, yaani zile zinazosimamishwa majini kama pazia ili samaki anase kwa mashavu yake, ziliingia ziwani mwaka 1905, na baada ya miaka ishirini tu mavuno ya kila wavu yalikuwa yameshuka vibaya. Mtaalamu Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alishauri matundu ya nyavu yasipungue inchi 5, ili samaki mchanga apite na kuwahi kuzaa kabla ya kuvuliwa, na alishauri pia kiwepo chombo cha kudumu cha kulifuatilia ziwa. Chombo hicho, Shirika la Utafiti wa Uvuvi la Afrika Mashariki, kilianzishwa Jinja mwaka 1947. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na sehemu yake: kituo cha Jinja kikawa cha Uganda, Kenya ikaunda taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, mwaka 1979, na Tanzania ikafuata kwa TAFIRI mwaka 1980.

Watafiti wa Jinja hawakusikilizwa kila mara. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo hicho, alichapisha onyo dhidi ya kumpandikiza sangara ziwani, akieleza kwamba mla nyama mkubwa kiasi hicho angewamaliza samaki wadogo ambao watu wa kawaida waliwategemea. Sangara alipandikizwa hata hivyo, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea ziwa zima, akaleta viwanda vya minofu na fedha za kigeni, huku mamia ya spishi za furu, samaki wadogo ambao Uganda huitwa nkejje na ambao wengi wao hawapatikani popote pengine duniani, wakipungua au kutoweka kabisa. Hasara hiyo ni nzito mno kufidiwa na faida ya minofu, ingawa haiwezi kukanushwa kwamba familia nyingi za Masese zilijengewa nyumba na kusomeshewa watoto na sangara huyohuyo.

Mfano ulio bora zaidi wa sayansi ndogo iliyofanywa pamoja na jamii ni ule wa gugumaji, mmea wa asili ya Amerika ya Kusini unaoelea na kuzaana kwa kasi, ambao katika miaka ya 1990 ulifunika ghuba, ukazuia mitumbwi kutoka na hata kutishia bwawa la umeme la Owen Falls. Mwaka 1995 Uganda iliwaachia ziwani mbawakawa wa jenasi ya Neochetina, ambao wakubwa wao hutafuna majani na mabuu yao hutoboa mashina hadi mmea ujae maji na kuzama. Kazi yenyewe haikuhitaji mashine: wadudu walilelewa katika mabeseni na matangi yenye gugumaji bichi kwenye vituo vilivyowekwa ufukoni, wavuvi wakafundishwa kuwatunza, kisha mimea iliyokwisha kujaa wadudu ikapelekwa kwa mitumbwi na kuachwa katikati ya zulia la magugu. Mwishoni mwa muongo huo sehemu kubwa ya magugu ilikuwa imekwisha. Wataalamu wengine huzipa sifa zaidi mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998, na yaelekea sababu zote mbili zilisaidiana, kwa kuwa mmea uliokwisha kutobolewa huvunjwavunjwa na mawimbi kwa urahisi zaidi.

Ushirikiano wa aina hiyo ulipewa umbo la kisheria mwaka 2003, Uganda ilipoanzisha vikundi vya usimamizi wa mialo, maarufu kwa kifupi BMU, ambavyo viliwaweka meza moja wamiliki wa mitumbwi, wavuvi wa kuajiriwa na wachuuzi, wanawake wakiwemo. Wanachama wake walisaidia katika sensa ya uvuvi, yaani kuhesabu mitumbwi, nyavu na wavuvi katika nchi zote tatu, iliyoanza mwaka 2000, na katika kupima na kurekodi mavuno mialoni. Rekodi za namna hiyo ndizo zilizomwezesha mtaalamu kujua kama sangara waliovuliwa walikuwa ndani ya kipimo kilichoruhusiwa wakati huo, cha sentimita 50 hadi 85, kipimo kilichokusudiwa kuwalinda wachanga ambao hawajazaa na pia majike wakubwa ambao hubeba mayai mengi kuliko wote.

Mwaka 2015 vikundi hivyo vilisimamishwa kwa madai ya rushwa na kushindwa kuzuia uvuvi haramu, na mwaka 2017 doria zilikabidhiwa kikosi cha jeshi. Nyavu haramu nyingi zilichomwa, lakini malalamiko ya wavuvi kuhusu vipigo na kupotelewa na mali yalifika hadi bungeni. Askari anaweza kukamata wavu, ila hawezi kuchukua nafasi ya jirani anayeaminiwa, ambaye mvuvi humfungulia kapu lake kila asubuhi ili samaki wapimwe. Kinyume chake, katika pwani ya Kenya, wanakijiji wa Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, walifunga wenyewe sehemu ya bahari yao katika miaka ya 2000 na kuilinda, na wenzao wa Gazi wamekuwa wakitunza mikoko tangu 2013 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, uliokuzwa kwa msaada wa watafiti wa KMFRI. Mamlaka ya ulinzi ilipobaki kijijini, utafiti nao ulipata wa kuushika.

Kwa Masese, yapo mambo mawili ya kuanza nayo, yaliyo karibu na yasiyo ya gharama kubwa. La kwanza ni mukene, yule anayeitwa dagaa kwingineko, ambaye akianikwa mchangani huchafuka na mara nyingi kuishia kuwa chakula cha kuku, ilhali akianikwa juu ya chanja, yaani meza ya fito na wavu iliyoinuliwa, hukauka safi na kumpa mwanamke anayemwanika bei ya chakula cha binadamu. La pili ni kinamasi cha Kirinya, kilichoko jirani tu na Walukuba, ambacho mafunjo yake hupokea maji yatokayo kwenye mabwawa ya majitaka ya mji na kunyonya sehemu ya uchafu kabla haujaingia ziwani. Vinamasi vya namna hii vina kazi nyingine isiyoonekana: maji ya ndani ya mafunjo yana oksijeni kidogo sana, sangara hayavumilii, lakini baadhi ya furu na samaki wengine wadogo huyastahimili, na kwa hiyo wamesalimika humo miaka yote ambayo ziwa la wazi lilikuwa likiwapoteza. Kila shamba la magimbi linalolimwa kwa kufyeka mafunjo hupunguza maficho hayo, na wanaoweza kuhesabu mashamba hayo mwaka hadi mwaka, kwa mtumbwi na daftari, ni wakazi wa Walukuba na Masese wenyewe.