Hedi Ikichongwa, Pushirodi Ipimwe

Mtu akiniletea Range Rover ya zamani iliyochemsha, kabla sijashika spana humuuliza kama hedi zake zimewahi kuchongwa. Wengi hawajui. Hilo ndilo linalonifanya niandike, kwa sababu injini hizi zinaharibika hapa Arusha kwa kipimo ambacho hakuna aliyekichukua, na kukichukua ni kazi ya asubuhi moja.

Ninayoizungumzia ni V8 ya Rover. Ilianzia Marekani kwenye magari ya Buick ya mwaka 1961, Rover wakanunua haki zake mwaka 1965, na mwaka 1970 ikafungwa kwenye Range Rover ya kwanza. Bloku na hedi zake ni za aluminiamu. Ni injini nyepesi na yenye nguvu, lakini ikikosa maji hedi hupinda upesi. Ikipinda hupelekwa kwa fundi wa mashine, ikakwanguliwa mpaka inyooke. Kuanzia hapo, vipimo vya kitabuni havitoshi tena.

Kemshafti ya injini hii imelala katikati ya bloku. Nundu zake zinasukuma tapeti, tapeti inasukuma pushirodi, pushirodi inanyanyua upande mmoja wa roka, na upande wa pili unakandamiza vali ifunguke. Roka hazina skrubu ya kurekebishia. Badala yake, ndani ya kila tapeti mna pistoni ndogo inayoelea juu ya oili na kuziba yenyewe nafasi inayobaki. Ili ifanye kazi hiyo, injini ikiwa imefungwa, pistoni hiyo inatakiwa iwe imezama kati ya milimita 0.5 na 1.5.

Sasa hesabu. Hedi ikikwanguliwa milimita 0.5, roka zinashuka nayo na pistoni ya tapeti inazama 0.5 zaidi. Viti vya vali vikichongwa, mkia wa vali unapanda, na pistoni inazidi kuzama. Ukiondoa gasketi ya bati ya zamani ukaweka ya kisasa, ambayo ni nene zaidi kwa kama milimita 0.7, mambo yanageuka: roka zinapanda. Kemshafti iliyochongwa upya nayo inalegeza. Kila fundi anaweza kuwa amefanya kazi yake vizuri, na bado jumla ikatoka nje ya kipimo.

Pushirodi ikiwa fupi, utaisikia: injini inagonga tik-tik-tik hata ikishapata moto. Ikiwa ndefu, injini inanyamaza, na hapo ndipo penye hatari. Pistoni ya tapeti ikigota chini, vali haikai vizuri kwenye kiti chake. Vali ya egzosi hupoa hasa kwa kugusa kiti hicho, isipokigusa, inaungua. Mwenye gari anaona nguvu zimepungua na injini inamisi, anabadilisha plagi na waya, na huku vali zinaendelea kuliwa.

Mimi hupima hivi. Nafunga hedi kwa gasketi ileile itakayobaki, nakaza boliti zote kwa kipimo chake, kisha nafunga shafti za roka. Manifoldi ya juu naiacha nje ili nizione tapeti, nazo ziwe hazijajazwa oili. Nazungusha krankishafti mpaka vali zote mbili za silinda ninayopima zifunge. Kisha napenyeza fila geji kati ya pistoni ya tapeti na pete ya waya iliyo mdomoni mwake, naandika namba, naenda inayofuata. Tapeti ni 16, na zote 16 zinapimwa, kwa sababu hedi mbili huweza kuwa zimekwanguliwa tofauti.

Pistoni ikiwa imezama mno, naweka vibati vyembamba chini ya miguu ya shafti ya roka. Kibati cha milimita 0.5 kinaondoa takriban 0.8 kwenye tapeti, kwa kuwa upande wa vali wa roka ni mrefu mara 1.6 kuliko ule wa pushirodi. Lakini vibati vikiwa vingi roka inakaa upande. Napaka wino kichwani mwa vali, nazungusha injini kwa mkono, naangalia alama: ikiangukia pembeni, dawa ni pushirodi za urefu mwingine. Urefu huo naupata kwa pushirodi ya kupimia, yenye nyuzi katikati, ambayo nairefusha au kuifupisha mpaka tapeti ikae sawa, kisha naipima kwa venia. Ndipo naagiza.

Kwa hiyo, mwenye gari, siku unapokwenda kuchukua injini yako, omba karatasi yenye zile namba 16. Ni haki yako, umeilipia. Na wewe fundi mwenzangu, usingoje kuombwa: iandike, itie sahihi, mpe mteja. Fundi atakayeifungua injini hiyo baada yako ataanzia kwenye kipimo badala ya kubahatisha.