Kalenda ya Kudumu Haihitaji Kuzungushwa Usiku Kucha

Swali linalowafikia mafundi saa mara kwa mara kutoka kwa wakusanyaji wapya wa saa za mkono zenye kalenda ya kudumu na kronografu, yaani saa zinazojua urefu wa kila mwezi hadi Februari ya mwaka mrefu na ambazo pia hupima muda wa tukio kwa kubonyezwa kitufe, ni lile la kuulizia kisanduku bora cha umeme cha kuizungusha saa isipovaliwa. Swali hilo limesimama juu ya msingi mbovu, na kila linapojibiwa kwa kutajiwa chapa na bei za visanduku, kosa huzidi kuota mizizi. Saa ya aina hii haiharibiki kwa kusimama, na zile zinazogombewa zaidi minadani haziwezi kujazwa na kisanduku hata kikizunguka mwaka mzima.

Ithibati ya jambo hilo haihitaji maabara. Patek Philippe ya Geneva ilianza mwaka 1941 kuuza saa namba 1518, ya kwanza ya jamii hii kutengenezwa kwa mfululizo badala ya moja moja kwa agizo, na zikatoka 281 tu. Ikafuata namba 2499, ambayo katika miaka ipatayo 35 zilitengenezwa 349, kisha namba 3970 mwaka 1986, 5970 mwaka 2004 na 5270 mwaka 2011. Zote hizo ni saa za kutia ufunguo, yaani springi yake hukazwa kwa vidole vinavyozungusha taji lililo ubavuni, na ndivyo ilivyo pia Datograph Perpetual ya mwaka 2006, iliyotengenezwa na A. Lange & Söhne wa Glashütte, Ujerumani. Kisanduku hufanya kazi kwa kuuyumbisha uzito mdogo uitwao rota, unaokaza springi ya saa za otomatiki. Saa isiyo na rota haina cha kuyumbishwa, na mwenye 3970 aliyeiweka humo ataikuta imesimama baada ya siku mbili hivi, kama ambavyo ingesimama kabatini, kisha ataipeleka kwa fundi akidhani ni mgonjwa.

Hoja inayoutetea mtindo wa kuzizungusha saa inasema kwamba mafuta ya saa iliyosimama huganda, hivyo saa iachwe itembee ili mafuta yazunguke. Hoja hiyo imetolewa kwenye injini ya gari, ambamo pampu huyasukuma mafuta kila pembe, na haina uhusiano wowote na saa. Ndani ya saa hakuna pampu wala mfereji: fundi huweka tone dogo kuliko kichwa cha pini mahali ambapo ncha ya mhimili huingia katika tundu la kito cha yakuti, na tone hilo hubaki palepale kwa mvutano wa uso wake, likisaidiwa na kibakuli kilichochongwa juu ya kito. Ustadi wote wa kutia mafuta ni kulifanya tone lisihame, kwa sababu mafuta yakishahama mhimili hubaki mkavu na kuanza kulika. Kwa hiyo anayetaka mafuta ya saa yake yazunguke anaiombea maradhi. Ni kweli kwamba zamani, mafuta ya saa yalipotolewa kwa wanyama, yakiwemo ya taya za pomboo, yaliweza kuchacha na kuwa mazito kama gundi, lakini yalifanya hivyo ndani ya saa iliyotembea na ndani ya ile iliyosimama, na mafuta ya viwandani yanayotumika leo huzeeka polepole zaidi bila kujali kama akrabu, yaani mishale ya saa, zinasogea au la.

Kinachoongezeka saa inapotembea ni msuguano, na hapo hesabu inatosha. Gurudumu la mizani la 5270, ambalo kwenda na kurudi kwake ndiko kunakoupima wakati, hupiga mapigo 28,800 kwa saa moja, yaani 691,200 kwa siku. Mwenye saa saba anayezitembeza zote ili avae moja anazichakaza sita bila faida. Ushauri mwenza, unaotolewa kwa sauti ya uhakika uleule, kwamba kronografu iachwe ikikimbia muda wote ili isikwame, ni mbaya zaidi, maana katika saa kama 3970 magurudumu ya ziada hukamatana meno kwa meno na kunyonya nguvu ya springi, na mwendo wa mizani hupungua.

Hofu halisi iliyojificha nyuma ya kisanduku ni ya kurekebisha kalenda iliyobaki nyuma, na hofu hiyo angalau ina msingi. Katika saa nyingi za jamii hii, moyo wa kalenda ni gurudumu linalokamilisha mzunguko mmoja kwa miaka 4, ambalo ukingo wake umegawanywa kwa miezi 48: mwezi wa siku 31 hauna mkato, wa siku 30 una mkato mfupi, Februari ya siku 28 ina mkato wenye kina kuliko yote, na Februari ya mwaka mrefu ina kina pungufu kidogo. Ncha ya wenzo huupapasa ukingo huo, na kina inachokikuta ndicho huamua ni siku ngapi zirukwe mwezi unapokwisha. Wenzo huo huanza kujongea muda mrefu kabla ya usiku wa manane, na anayebonyeza vitufe vya kurekebishia, vilivyozama ubavuni mwa kasha, wakati meno yameshakamatana, hupinda au huvunja jino ambalo huenda likalazimu saa irudi kiwandani.

Jibu la hatari hiyo ni utaratibu. Akrabu zisogezwe mbele mpaka tarehe ibadilike, kwa kuwa hapo ndipo penye usiku wa manane wa saa yenyewe, kisha ziendelee hadi saa nne asubuhi, na hapo ndipo vitufe vibonyezwe kwa kijiti chake. Kati ya saa mbili usiku na saa kumi alfajiri visiguswe. Hata saa Da Vinci ya kampuni ya IWC ya mwaka 1985, kazi ya fundi Kurt Klaus huko Schaffhausen, Uswisi, ambayo ni otomatiki na kisanduku kinaweza kuijaza, inamkanusha anayeamini kwamba saa huharibika kwa kusimama: kalenda yake yote husogezwa kwa taji na huenda mbele tu, hivyo aliyeipitisha siku nne huiacha isimame mpaka siku hizo nne zifike. Kwa saa hiyo kisanduku kinampunguzia mwenyewe usumbufu wa kurekebisha, basi.

Mengine ya kumfaa mkusanyaji ni machache. Kabla ya kununua, iombwe dondoo ya kumbukumbu za kiwanda inayothibitisha mwaka na metali. Kasha lising'arishwe, wala uso wa saa usichorwe upya, maana uasilia ndio uliochangia 1518 ya chuma cha pua, moja kati ya nne zinazojulikana, kuuzwa Geneva mwaka 2016 kwa faranga za Uswisi 11,002,000. Kijiti, cheti na sanduku la asili vitunzwe pamoja. Fundi awe aliyewahi kufungua saa ya aina hiyo, si yeyote mwenye bisibisi. Na anayeishi Mombasa, Zanzibar au Muscat aihifadhi pakavu, mbali na sumaku, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu.

Tarehe 1 Machi 2100, kwa kuwa mwaka huo hautakuwa mrefu na gurudumu la miezi 48 halijui hilo, saa zote zilizotajwa hapa zitakazokuwa zikitembea zitaonyesha Februari 29, na kila moja itahitaji kusogezwa siku moja kwa mkono wa mwenyewe.