Doki Ikigoma, Usikimbilie Kufomati

Joto la huku Muscat ninyi mnalisikia kwa mbali, sisi tunalo chumbani. Lakini leo siongelei joto wala viza. Naongelea doki, ule mstari wa ikoni unaokaa chini au pembeni mwa skrini ya kompyuta: unapitisha mshale, ikoni inavimba, unabofya, programu inafunguka. Wengi wetu tukipata laptopu kitu cha kwanza ni kuipamba, na doki ndilo pambo linalopendwa kuliko yote.

Siku inafanya kazi, raha mustarehe. Siku ikigoma, mwenye mali anaona skrini tupu, hana pa kubofya, na roho inamruka. Anaibeba laptopu mpaka Ruwi kwenye maduka ya kompyuta, fundi anaiangalia dakika mbili, anasema, "Hii ifomatiwe tu." Na kweli inafomatiwa. Mwenzetu mmoja anayesoma shahada ya uzamili alirudishiwa mashine yake safi kama imetoka kiwandani. Doki ipo, Windows inakimbia. Vipimo vyake vya maabara vya miezi minne ndivyo havikuwepo. Ilibidi arudie majaribio na aombe muhula wa ziada, na walio kwenye ufadhili wanajua muhula wa ziada unamuuma nani.

Basi nasema mapema, ili hata asiyefika mwisho wa makala aondoke na kitu: doki ikigoma, faili zako kwa kawaida hazijaguswa. Kilichoharibika ni mlango, nyumba bado ipo. Usikubali mtu abomoe nyumba kwa sababu kitasa kimeng'oka.

Doki ni nini hasa?

Neno lenyewe ni la bandarini, maana yake gati. Fikiria gati la Mutrah au la Malindi kule Unguja. Chombo kinafunga kamba pale, watu wanapanda na kushuka, lakini shehena haikai gatini, inakaa ghalani. Ikoni kwenye doki ni hivyo hivyo. Ni njia ya mkato tu inayoelekeza kwenye programu au folda iliyoko mahali pengine kwenye diski. Ukiiondoa ikoni ya folda ya tasnifu kwenye doki, tasnifu haijaondoka.

Kitu hiki si kipya. Mfumo wa NeXTSTEP ulikuwa na doki mwaka 1989. Windows 95 ikaleta upau wake wa chini mwaka 1995. Mac OS X ikatoka na Dock yake mwaka 2001, watu wa Windows wakaona wivu, zikatengenezwa programu kama ObjectDock na RocketDock ili nao wapate ikoni za kuvimba. Upande wa Linux kukawa na Plank, Latte Dock na Dash to Dock. Ubuntu, tangu toleo la 17.10 la Oktoba 2017, inakuja na doki yake yenyewe iliyotokana na Dash to Dock.

Kwa nini zinagoma?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye kompyuta mara nyingine mgeni ndiye anayemwangusha mwenyeji. Doki nyingi za kuongeza ni wageni katika mfumo ambao hazikuujenga, na ziko za aina mbili.

Aina ya kwanza inasimama peke yake, kama RocketDock na Plank. Hii ikianguka, inaanguka yenyewe, kompyuta inaendelea. Aina ya pili inaingia ndani kabisa ya mwenyeji. Dash to Dock inafanya kazi ndani ya GNOME Shell, na ExplorerPatcher inafanya kazi ndani ya Windows Explorer, programu ile ile inayochora upau wa chini na madirisha ya faili. Hii ikianguka inaweza kumvuta mwenyeji, ndiyo maana unaona skrini inazima na kuwaka, inazima na kuwaka.

Sasa mwenyeji akikarabati nyumba, mgeni aliyeegemea ukuta uliobomolewa lazima aanguke. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 upau wa chini ulikuwa umeandikwa upya, na programu nyingi za kuupamba zikakwama. GNOME 45, ya Septemba 2023, ilibadilisha namna viongezi vinavyopakiwa, kwa hiyo viongezi vya zamani vyote havikuwaka mpaka wenyewe walipoviandika upya. Na Latte Dock mtengenezaji wake aliacha kuiendeleza mwaka 2022. Kwa hiyo ukisikia "jana ilikuwa nzima, leo haipo", swali la kwanza ni moja: usiku kulikuwa na apdeti?

Jambo hili litatugusa wengi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na waliokuja na laptopu za zamani wanahamia Windows 11 mmoja mmoja. Ukihama na doki ya zamani mgongoni, jiandae.

Ufanye nini, na kwa mpangilio gani

Sisi wa uhandisi tunafundishwa kuanza na kipimo cha bei rahisi na kumalizia na cha gharama. Kufomati ndicho cha gharama kuliko vyote, kwa hiyo kinakaa mwisho.

Kwanza, angalia kilichokufa ni nini. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, kompyuta ni hai, usilie. Kwenye Ubuntu bonyeza Ctrl, Alt na T, Terminal ifunguke. Kwenye Mac bonyeza Command na nafasi, uitafute Terminal kwa jina.

Pili, nakili faili kabla ya kugusa chochote. Kama skrini ya Windows ni tupu kabisa, ndani ya Task Manager kuna amri ya kuendesha kazi mpya. Andika notepad. Ikifunguka, nenda kwenye kufungua faili, chagua kuona faili za aina zote, na pale pale utaona folda zako. Unaweza kubofya kitufe cha kulia, ukanakili tasnifu, ukaibandika kwenye fleshi. Watu wengi hawajui hili, na lingemwokoa mwenzetu miezi minne.

Tatu, mwamshe mwenyeji. Kwenye orodha ya Task Manager tafuta Windows Explorer, uiwashe upya. Kama haipo kabisa, endesha kazi mpya uandike explorer. Kwenye Mac andika killall Dock ndani ya Terminal. Doki inakufa na kufufuka yenyewe sekunde hiyo hiyo. Kwenye Ubuntu hifadhi kazi zako, toka kwenye akaunti, kisha uingie tena.

Nne, mtoe mgeni nje. Kwenye Windows izime doki isiwake na kompyuta, kwa kutumia ukurasa wa Task Manager unaoorodhesha programu za kuanzia. Kama ni ya aina ya pili, iondoe kabisa kwenye orodha ya programu. Kwenye Ubuntu andika gsettings set org.gnome.shell disable-user-extensions true, na viongezi vyote ulivyojiwekea vitalala. Tatizo likiisha, umemjua mwizi. Tatizo likibaki, basi mgeni umemsingizia, tafuta kwingine.

Tano, futa mipangilio ya doki peke yake. Mara nyingi programu ni nzima, ila faili lake la mipangilio limeharibika. Kwenye Mac andika defaults delete com.apple.dock, kisha killall Dock. Kwenye Ubuntu andika dconf reset -f /org/gnome/shell/extensions/dash-to-dock/. Utapoteza mpangilio wa ikoni, basi. Dakika kumi utakuwa umezipanga tena.

Katika hatua zote hizi badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo ikapona, hujui dawa ilikuwa ipi, na wiki ijayo ikiugua tena unaanza sifuri.

Matatizo ninayoyaona sana huku

Yapo mengine yanaonekana kama ubovu, kumbe si ubovu.

La kwanza ni la huku Uarabuni hasa. Ukiweka lugha ya kompyuta kuwa Kiarabu, skrini nzima inageuka kama kioo, kwa sababu Kiarabu kinasomwa kutoka kulia. Saa ya Windows inahamia kushoto. Doki ya Ubuntu ambayo kawaida iko kushoto unaikuta kulia. Kuna kijana wa Mombasa alinakili amri kutoka kwenye maelezo ya Kiingereza, ile ya gsettings inayoipa doki nafasi ya LEFT, na kila akiiandika doki inabaki kulia. Akaiondoa, akaiweka upya, mara tatu. Doki haikuwa na kosa. Dash to Dock ikikuta lugha inayosomwa kutoka kulia, inageuza LEFT kuwa kulia na RIGHT kuwa kushoto. Alipoandika RIGHT ikahamia kushoto, akacheka mwenyewe.

Mjue pia kwamba lugha ya skrini na lugha ya kibodi ni vitu viwili. Kama unahitaji tu kuandika Kiarabu kwa ajili ya fomu za ukaazi, ongeza kibodi ya Kiarabu uache skrini kwa Kiingereza au Kiswahili. Hakuna kitakachogeuka.

La pili ni skrini ya ziada. Unatoka maabara ulikokuwa umeunganisha skrini kubwa, unafika chumbani doki haipo. Imebaki kwenye skrini ambayo kompyuta inadhani bado ipo. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na P, uchague skrini ya laptopu peke yake. Kwenye Mac mwenye skrini mbili asukume mshale chini kabisa ya skrini anayoitaka, doki itamfuata.

La tatu ni ukungu. RocketDock, toleo lake la 1.3.5, ni ya zama za Windows XP na Vista, wakati skrini zetu zilikuwa na nukta chache. Ukiiweka kwenye laptopu mpya iliyokuzwa asilimia 150, ikoni zinaonekana kama umevua miwani. Bofya kulia faili la programu, ingia kwenye sifa zake, sehemu ya upatanifu, ubadilishe mpangilio wa ukuzaji. Na kama ndiyo unaitafuta sasa, ichukue kwa mtengenezaji. Programu za zamani zinazogawiwa hovyo kwenye intaneti mara nyingi zimebebeshwa mzigo mwingine.

La nne, Plank. Hii ilijengwa kwa ajili ya X11. Ubuntu za miaka hii zinaendesha Wayland, na huko Plank haioni madirisha yako vizuri. Usipoteze usiku kuitengeneza; tumia doki iliyokuja na mfumo.

La tano, kwikwi. Ikoni zinavimba kwa kusitasita mchana, usiku ziko laini. Huku kiangazi joto linapita digrii 40, na chumba kisicho na kiyoyozi ni tanuri. Kichakataji kikipata moto kinajipunguzia kasi chenyewe kisiungue. Safisha feni, inyanyue laptopu kutoka kwenye godoro, uzime uvimbaji wa ikoni. Doki haina hatia.

Ukilazimika kwenda dukani

Kuna siku itabidi umwone fundi, hasa diski yenyewe ikianza kulia au mashine isipowaka kabisa. Huku Muscat unaweza kubahatika ukakutana na mwenye asili ya Unguja, mkaongea Kiswahili kitamu mpaka ukasahau shida. Msalimie vizuri, kisha mwambie wazi: "Ami, naomba usinifutie kitu. Kwanza ninakilie faili, halafu ndiyo tutazame." Akisema lazima kufomati, muulize sababu. Kama sababu ni "ikoni hazionekani", shukuru, chukua laptopu yako, urudi kwenye hatua ya kwanza hapo juu.

Kwa walio karibu kuwasilisha tasnifu, nasaha yangu ni fupi. Mwezi wa mwisho usiweke doki mpya, usikubali apdeti kubwa usiku wa kuamkia kikao na msimamizi, na nakala ya kazi yako iwe sehemu tatu: kwenye laptopu, kwenye diski ya nje, na kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo. Mapambo yatasubiri mpaka baada ya utetezi.

Ni hayo kwa leo. Makala hii ikatwe ibandikwe ukutani bwenini, hasa kwa wadogo zetu wanaofika Septemba na laptopu za kununuliwa na ukoo mzima.