Insulini, Makaa ya Mawe na Kura Moja: Afya katika Mvutano wa Vyama Nchini Marekani

Jumapili ya tarehe 7 Agosti 2022, Baraza la Seneti la Marekani lilipiga kura kuhusu bei ya insulini. Hoja yenyewe ilikuwa nyepesi kueleweka: mgonjwa wa kisukari mwenye bima binafsi asitozwe zaidi ya dola 35 kwa mwezi kwa ajili ya dawa hiyo. Maseneta 57 waliunga mkono, 43 walipinga, na hoja ikaanguka. Siku hiyohiyo, sheria iliyokuwa imebeba kifungu hicho ilipita kwa kura 51 dhidi ya 50, baada ya Makamu wa Rais Kamala Harris kuvunja sare. Hivyo, hoja iliyopata kura 57 ilishindwa na iliyopata 51 ilishinda.

Sheria hiyo, iliyosainiwa na Rais Joe Biden tarehe 16 Agosti 2022, ilipewa jina la Sheria ya Kupunguza Mfumuko wa Bei. Ndani yake mlikuwa na bei za dawa za wazee, ruzuku ya bima ya afya, nafuu ya kodi kwa paneli za umeme wa jua na magari ya umeme, pamoja na fedha za kuwafidia wachimbaji wa makaa ya mawe walioharibikiwa mapafu. Mtu anaweza kuuliza insulini na paneli za jua zinakutanaje katika sheria moja. Jibu linahusu zaidi utaratibu wa Bunge kuliko tiba, lakini anayelipia matokeo yake ni mgonjwa.

Ifahamike kwanza kwamba Marekani haina mfuko mmoja wa bima kwa raia wote. Wazee wenye umri wa miaka 65 na zaidi hutunzwa na mpango uitwao Medicare. Watu wa kipato cha chini hutunzwa na Medicaid, ambao gharama zake hugawanywa kati ya serikali kuu na serikali za majimbo. Mipango yote miwili ilianzishwa mwaka 1965 chini ya Rais Lyndon Johnson, kwa kura za wabunge wa vyama vyote viwili. Wafanyakazi wengi hupata bima kupitia waajiri wao. Aliyebaki katikati, yaani asiye mzee, asiye maskini wa kutosha na ambaye mwajiri wake hatoi bima, kwa miaka mingi alijinunulia mwenyewe kwa bei ya soko, na kampuni ziliweza kumkataa kwa sababu tu tayari alikuwa na kisukari au pumu.

Sheria za hewa safi nazo hazikuanza kama mali ya chama kimoja. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970 ilipita katika Seneti bila kura hata moja ya kupinga, ikasainiwa na Richard Nixon, Mrepublikani. Marekebisho makubwa ya mwaka 1990 yalisainiwa na George H. W. Bush, naye Mrepublikani. Vijana wanaofuatilia siasa za nchi hiyo leo huona ugumu kuliamini jambo hili.

Mgawanyiko ulijidhihirisha wazi katika miaka ya 2009 na 2010. Tarehe 26 Juni 2009, Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuweka ukomo wa hewa ukaa kwa kura 219 dhidi ya 212. Warepublikani 8 tu waliuunga mkono, na muswada huo ukafia katika Seneti. Miezi tisa baadaye, tarehe 21 Machi 2010, Baraza hilohilo lilipitisha sheria ya bima ya afya inayojulikana kwa jina la Obamacare. Kwa sadfa ya ajabu, kura zilikuwa zilezile, 219 dhidi ya 212, ila safari hii hakuna Mrepublikani aliyesema ndiyo. Katika uchaguzi wa Novemba 2010 Wademokrati walipoteza viti 63 katika Baraza hilo. Sheria moja ilikuwa imeishi na nyingine imekufa, na kila chama kilijifunza kuzitazama hoja za afya na nishati kama silaha za uchaguzi.

Sasa turudi kwenye hesabu ya kura. Seneti ina wajumbe 100, wawili kwa kila jimbo. Kwa desturi ya muda mrefu, upande wa wachache unaweza kurefusha mjadala bila kikomo, na zinahitajika kura 60 ili kuufunga. Kwa hiyo sheria ya kawaida huhitaji 60, si 51. Ipo njia moja kuu ya kuukwepa mlango huo, nayo ni utaratibu maalumu wa bajeti, ambao huruhusu muswada unaogusa mapato na matumizi ya serikali kupita kwa wingi wa kawaida. Utaratibu huu hautumiki kila siku. Chama tawala hupata nafasi moja au mbili tu kabla ya uchaguzi unaofuata. Basi kila kitu hupakiwa katika gari hilo moja: dawa, bima, kodi, umeme wa jua. Kila kifungu lazima kihusu fedha za serikali, na mshauri wa kanuni wa Seneti ndiye hutoa maoni kuhusu vifungu vinavyostahili kubaki.

Hapo ndipo insulini ilipokwama. Kikomo cha dola 35 kwa wazee wa Medicare kilihusu fedha za serikali moja kwa moja, kikabaki, na kilianza kutumika Januari 2023. Kikomo hichohicho kwa wenye bima binafsi kilionekana kuwa amri kwa kampuni za bima, si suala la bajeti, hivyo kikahitaji kura 60. Warepublikani saba walivuka mstari kukiunga mkono, lakini zilipungua kura tatu. Kwa daktari wa kisukari, mgonjwa wa miaka 64 na yule wa miaka 66 wana kongosho lenye tatizo lilelile. Kanuni za Seneti ziliwatenganisha.

Sheria hiyo iliiruhusu Medicare, kwa mara ya kwanza, kujadiliana na watengenezaji kuhusu bei za baadhi ya dawa. Orodha ya dawa 10 za kwanza ilitangazwa Agosti 2023. Ilikuwa na dawa za kuzuia damu kuganda, za kisukari, za moyo kushindwa kufanya kazi na za saratani ya damu, na bei mpya zilipangwa kuanza Januari 2026. Watengenezaji walipinga mahakamani, na Warepublikani wengi walidai kwamba serikali ikipanga bei, utafiti wa dawa mpya utadorora. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwani dawa nyingi zinazotumika Afrika Mashariki zilianzia katika maabara za huko. Hata hivyo, dawa bora isiyonunulika haimtibu mtu.

Upande wa hewa unastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa sababu wengi huuona kama suala la mazingira tu. Mwaka 1993, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 8,111 katika miji sita ya Marekani. Baada ya kuzingatia uvutaji wa sigara na mambo mengine, waligundua kwamba kasi ya vifo katika mji wenye hewa chafu zaidi, Steubenville ulioko Ohio, ilikuwa juu kwa asilimia 26 kuliko katika Portage, Wisconsin, mji uliokuwa na hewa safi zaidi. Uhusiano ulikuwa wa nguvu kwa chembechembe laini zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Chembe hizi hupita puani na kooni bila kuzuiwa, hufika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, huchochea uvimbe wa ndani kwa ndani, na huongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Ni chembe za aina hiyohiyo zinazotoka kwenye kuni na mkaa katika jiko lisilo na dirisha.

Kutokana na ushahidi wa namna hiyo, serikali kuu iliweka kiwango cha kwanza cha chembe hizo mwaka 1997, na Februari 2024 ikakishusha kutoka mikrogramu 12 hadi 9 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Viwanda na magavana kadhaa walipinga kwa hoja ya gharama. Kwa mtazamo wa tabibu, kituo cha umeme wa upepo kinapochukua nafasi ya mtambo wa makaa ya mawe, hewa ukaa inayopungua ni faida ya dunia nzima na ya miaka mingi ijayo, ilhali chembe zinazopungua ni faida ya mtoto mwenye pumu anayeishi jirani, mwaka huohuo. Katika mijadala ya Bunge faida hii ya pili husikika kwa nadra mno.

Wapo waliolipa kwa mapafu yao kabla ya wote. Kura iliyoamua hatima ya sheria ya 2022 ilikuwa ya Joe Manchin, seneta Mdemokrati kutoka West Virginia, jimbo la makaa ya mawe, ambaye Desemba 2021 alikuwa ameuzima muswada mkubwa zaidi wa Rais wake mwenyewe. Maafikiano ya Julai 2022 yalifufua sehemu yake. Miongoni mwa vifungu vilivyosalia, kimoja kilirejesha moja kwa moja tozo ya kila tani ya makaa ya mawe inayochangia mfuko wa wachimbaji wenye ugonjwa wa mapafu meusi. Tozo hiyo ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu mwanzoni mwa mwaka huo kwa sababu Bunge halikuiongezea muda. Vumbi la makaa likishajenga makovu mapafuni hakuna dawa ya kuyaondoa. Kinachobaki ni oksijeni, mazoezi ya kupumua na, kwa wachache, kupandikizwa mapafu.

Ramani ya wapinzani na waungaji mkono haifuati mipaka ya vyama kama hotuba zinavyodai. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoamua Juni 2012 kwamba majimbo yasilazimishwe kupanua Medicaid, majimbo mengi ya Warepublikani yalikataa. Baadaye wananchi wa Idaho, Utah, Nebraska, Oklahoma, Missouri na South Dakota, yote yakiwa majimbo hayohayo, waliidhinisha upanuzi huo kwa kura ya maoni. Iowa, ambayo seneta wake Mrepublikani Chuck Grassley alikuwa mwasisi wa nafuu ya kodi ya umeme wa upepo ya mwaka 1992, hupata zaidi ya nusu ya umeme wake kutokana na upepo. Naye John McCain, Mrepublikani aliyekuwa amegunduliwa kuwa na saratani ya ubongo, ndiye aliyepiga kura iliyoiokoa Obamacare usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 2017, 51 dhidi ya 49.

Mwaka 2025 gari lilelile la bajeti lilipita likielekea upande wa pili. Tarehe 4 Julai, Rais Donald Trump alisaini sheria iliyopita Seneti kwa kura 51 dhidi ya 50, Makamu wa Rais JD Vance akivunja sare. Nafuu ya kodi kwa magari ya umeme ilikoma tarehe 30 Septemba 2025, na ile ya paneli za jua za majumbani mwishoni mwa mwaka huo. Kwa upande wa Medicaid, watu wazima wengi walioingia kupitia upanuzi watatakiwa kuthibitisha kwamba wanafanya kazi, wanasoma au wanajitolea kwa saa 80 kila mwezi. Wanaoitetea husema kwamba msaada wa umma uwaendee wasiojiweza, na kwamba deni la taifa halibebeki. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba kufikia mwaka 2034 watu wapatao milioni 10 zaidi watakuwa hawana bima. Arkansas ilipojaribu sharti kama hilo mwaka 2018, zaidi ya watu 18,000 walipoteza bima ndani ya miezi michache kabla ya mahakama kulisimamisha, na wengi wao walikwama kwenye kutoa taarifa, si kwenye uvivu.

Ruzuku ya ziada kwa wanaojinunulia bima ilikuwa na tarehe ya mwisho, 31 Desemba 2025. Wademokrati walikataa kupitisha bajeti bila kuirefusha, na shughuli za serikali zilisimama kwa siku 43, kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, muda mrefu kuliko wakati wowote uliotangulia. Ruzuku haikurefushwa.

Kwa wasemaji wa Kiswahili mambo haya hayako mbali. Wakongomani wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokewa Marekani katika miaka ya karibuni. Chini ya sheria ya 2025, mkimbizi ambaye bado hajapata hadhi ya ukaazi wa kudumu hupoteza sifa ya Medicaid kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, na ruzuku ya bima ya kununua kuanzia Januari 2027. Ndugu walioko huko, hasa wenye shinikizo la damu, kisukari au ujauzito, wanafaa kuulizia mapema hatua ya maombi yao ya ukaazi katika shirika lililowapokea.

Sharti la saa 80 nalo linapaswa kuanza kutumika katika majimbo kabla ya kupita tarehe 1 Januari 2027, takriban miezi miwili baada ya uchaguzi wa Bunge wa Novemba 2026.